Kikombe Kisicho na Chai: Uhakiki wa Sebule Zetu

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi aliyepitia kidato cha tano anaufahamu mfano wa kikombe na chai. Fani ni kikombe, maudhui ni chai iliyomo ndani yake. Tukifika chuoni tunaambiwa tuuache mfano huo kwa kuwa unatenganisha vitu visivyotenganishika. Afadhali tuseme kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Mjadala huo ni wa zamani kuliko sisi tunaosoma leo, na sina nia ya kuufufua. Nina swali moja tu ambalo sijasikia likiulizwa na upande wowote. Je, kikombe ambacho hakitiwi chai, na wala hakuna anayetarajia kitiwe, tukihakiki vipi?

Swali hili si mzaha. Vikombe vya namna hiyo viko tele. Vimepangwa katika makabati ya vioo kutoka Mbagala hadi Mwanza, mashikio yote yakielekea upande mmoja, na huku mtoto wa nyumba hiyohiyo anakunywa uji katika kikombe cha plastiki. Makala hii inanuia kuihakiki sebule ya Mtanzania wa kawaida kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote ya sanaa. Nitataja yanayonikera, maana mhakiki asiyekereka na chochote huyo ni karani tu. Lakini nitaeleza pia jinsi kero zangu zilivyonitia aibu nyumbani kwetu, na kwa nini naona kwamba aibu hiyo inatuhusu sote tunaolisoma somo hili.

Fani ya sebule

Sebule ina arudhi yake kama shairi, na mtu akiivunja majirani watajua tu. Ndugu msomaji, piga hodi uingie nami.

Tunaanza na vitambaa. Viko migongoni mwa makochi, mikononi mwa makochi, juu ya meza, juu ya stuli, juu ya redio, juu ya friji (ambayo nayo ipo sebuleni, imesimama kama mgeni rasmi), na juu ya jagi la maji. Kwa lugha yetu ya darasani hii ni takriri, lakini ni takriri iliyopitiliza. Ukiketi vinateleza. Ukisimama kuaga, kimoja kimekung'ang'ania mgongoni kama mtoto asiyetaka kuachwa, na mwenyeji anakuchomoa nacho mbele ya watu.

Yanafuata maua ya plastiki. Hii ni sitiari iliyokufa na haijazikwa. Yamekaa katika chombo cha kioo, yamejaa vumbi, na nje ya dirisha hilohilo bogonvilia imefunika ua mzima bila mtu kuimwagilia maji. Halafu kuna nailoni. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 2019, lakini nailoni ya rimoti haijasikia tangazo hilo. Rimoti imefungwa ndani yake tangu siku televisheni iliponunuliwa, na ile nailoni imechakaa kwenye kitufe cha sauti hata namba hazisomeki. Kinacholindwa hakionekani, kinachoonekana ni kile kinacholinda.

Wenye nyumba mpya nao wana yao. Dari la jipsamu lina ngazi tatu, na katika kila ngazi taa za bluu zinawaka mchana kweupe. Hiyo ni chuku. Lakini kiboko cha yote nilikiona katika nyumba moja Mbezi. Ukuta ulijengwa kwa matofali, ukapigwa lipu, ukapakwa rangi, kisha ukabandikwa karatasi yenye picha ya matofali! Tunafundishwa kutafuta kinaya katika tamthiliya za Wagiriki, kumbe tumeegemea kinaya chenyewe huku tukinywa soda.

Mwisho wa yote, kama kilele cha masimulizi, ni kabati la vyombo. Limesimama katikati ya ukuta mkuu. Juu kuna glasi za shina refu katika nyumba ambamo hakuna anayekunywa divai. Katikati kuna vikombe na visosa. Chini kuna mahotpoti, masinia, na seti za sahani ambazo bado zina lebo ya dukani. Kabati lina ufunguo, na ufunguo anao mama.

Haya yote nilikuwa nikiyaita kwa neno moja: ushamba. Sikuwa peke yangu. Hapa chuoni neno hilo tunalitupa ovyo kama maganda ya karanga.

Mwenzangu Poe

Katika mwaka wa kwanza nilikuwa nikitafuta hadithi fupi za Edgar Allan Poe kwa ajili ya kozi moja, nikakutana na insha yake ambayo si hadithi. Inahusu falsafa ya samani, na aliichapisha mwaka 1840 katika jarida alilokuwa akilihariri kule Philadelphia, mwaka mmoja tu baada ya kutoa hadithi yake ya kuanguka kwa nyumba ya Usher. Nilishangaa. Mtaalamu wa vifo na makaburi anazungumzia mazulia na mapazia, tena kwa hasira!

Hoja yake ni kali. Anasema Wamarekani, kwa kuwa hawakuwa na ukoo wa kifalme, wamefanya fedha kuwa ndiyo ukoo wao. Basi kitu kikiwa cha bei kubwa wanakidhania kizuri. Anachukia kung'aa. Anachukia vioo vya kujitazamia vinavyojazwa ukutani kote. Anachukia taa ya gesi yenye mwanga mkali na vioo vyake vya kumetameta. Zulia, kwake, ndiyo roho ya chumba, na si kila mtu ana akili ya kulihukumu. Mimi niliposoma hayo nilisema: naam, mwenzangu huyu! Ni kama alikuwa amekaa chini ya jipsamu ya Mbezi.

Kisha anatuchorea chumba kisicho na dosari. Ni chumba cha mstatili chenye mlango mmoja na madirisha mawili. Rangi zake kuu ni nyekundu na dhahabu. Kuna makochi mawili ya mbao nzuri na hariri, kinanda kisichofunikwa (hana vitambaa!), vitabu kama mia mbili au tatu katika rafu za kuning'inia, na kioo kimoja tu cha duara, kilichotundikwa kwa namna ambayo aliyekaa hawezi kujiona. Nilikisoma chumba kile mara tatu. Nilitamani kukihamia.

Usomaji wangu wa kwanza ulikuwa wa mtu aliyependa, na mtu aliyependa haoni vizuri. Kuna jambo moja lililonipita, nami nitalirudia baada ya kisa kinachofuata, kwa sababu bila kisa hicho nisingeliona kamwe.

Kisa cha sebule yetu

Likizo ya mwaka huo nilirudi nyumbani Morogoro na begi la vitabu na kichwa kilichovimba. Mama alikuwa anakwenda Dodoma kwenye harusi, siku nne. Alipopanda basi tu, nikaanza kazi.

Nilitoa vitambaa vyote. Nilivihesabu, vilikuwa 23. Vyote kavifuma mwenyewe kwa sindano na uzi, jioni baada ya kazi, na kuna seti moja ya rangi ya maziwa aliyoniahidi nikiolewa. Nikavikunja katika boksi la sabuni na kulisukuma chini ya kitanda. Maua ya plastiki nikayapeleka stoo. Kalenda, picha za mahafali na saa yenye picha ya maporomoko ya maji nikavishusha. Makochi mawili nikasaidiwa na kijana wa jirani kuyatoa barazani, kwa sababu chumba kilikuwa kimesongamana. Sakafuni nikatandika mkeka mmoja mpana. Basi. Nilikaa pale nikapumua. Kuta tupu, mkeka, mwanga wa jioni. Niliona nimeandika shairi huru.

Siku ya tatu wakaja rafiki zangu wawili niliosoma nao sekondari. Ufunguo wa kabati niliujua ulipo. Nikatoa vikombe sita vya marehemu bibi, vya kauri nyeupe, vyenye waridi jekundu na ukingo wa dhahabu, nikawanywesha chai. Niliwaambia, kwa sauti ya msomi, kwamba kikombe kimeumbwa kwa ajili ya chai na kabati ni jela. Tulicheka sana. Wakati wa kuosha kimoja kikaniteleza kikaanguka kwenye vigae. Nilikusanya vipande katika gazeti.

Mama alirudi siku ya nne mchana. Nilikuwa jikoni. Nilisikia geti, nikasikia kandambili zake barazani, kisha zikasimama. Alikuwa ameyaona makochi nje. Alipofika mlangoni akaona mkeka umetandikwa sakafuni, na kuta hazina kitu. Begi likamponyoka.

"Jamani," akasema, "nani?"

Sikumwelewa. Nikatoka na mwiko mkononi, nikasema, "Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Nani amefariki?"

Hapo ndipo nilipoitazama sebule kwa macho yake. Msomaji aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa. Ni siku gani ambapo makochi hutolewa nje, picha zikashushwa, sakafu ikatandikwa mikeka? Ni siku ya msiba. Mimi nilidhani nimeondoa lugha yote ukutani ili chumba kikae kimya. Kumbe ukimya nao ni sentensi, na katika lugha ya nyumbani kwetu sentensi ile ina maana moja tu. Mama yangu alisimama mlangoni pale, kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, akingoja nimtajie jina la mtu.

Niliposema hakuna aliyekufa, nimepamba tu, alikaa chini pale pale kwenye ngazi. Alilia kidogo, akacheka kidogo, halafu akaniamuru nirudishe kila kitu kabla jua halijazama. Kuhusu kikombe hakunigombeza. Alifungua gazeti, akavitazama vipande, akasema, "Bibi yako amekaa navyo karibu miaka arobaini."

Maudhui ya kabati

Katika uhakiki tunafundishwa kwamba kazi ya sanaa haielei hewani. Ina mazingira yake ya kihistoria. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo tunaitumia kwa riwaya tu. Basi usiku ule nilimwuliza mama habari za vikombe, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kufungua kabati.

Bibi alivipata mwaka 1982. Msomaji anayejua historia anakumbuka hali ya nchi wakati ule. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha nyingi, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, fedha za kigeni hakuna. Sabuni, sukari na nguo vilipatikana kwa foleni, na mwaka 1983 ndipo ikaja ile operesheni ya kuwasaka walioitwa wahujumu uchumi. Katika nchi ya namna hiyo seti ya vikombe vya kauri haikuwa pambo, ilikuwa muujiza. Bibi alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni. Yeye na wenzake watano wa jikoni walicheza upatu: kila mwezi wanachanga, na anayefikiwa na zamu anatafutiwa vyombo. Kila seti ilipopatikana, wote sita walikusanyika kwa mwenye zamu wakanywa chai katika vikombe vile, kila mmoja chake, mara moja. Kisha vikaoshwa, vikafutwa, vikapandishwa juu.

Kwa hiyo nilikosea hata katika swali langu la mwanzo. Vile vikombe vilishawahi kutiwa chai. Chai yenyewe ilinyweka siku moja mwaka 1982, na kilichowekwa kabatini miaka yote ile kilikuwa kumbukumbu ya siku hiyo. Wale wanawake sita wote wameshatangulia. Maudhui yalikuwemo, mimi ndiye niliyekuwa sijui kusoma.

Mtu anaweza kusema hiki ni kisa cha nyumba moja. Sikubali. Fungua kabati lolote mtaani uulize habari ya kila chombo. Hotpoti hii ilitolewa kwenye kitchen party, sinia hili ni la upatu, sahani hizi ni za shangazi aliyekwenda Muscat akarudi. Kabati ni daftari la mahusiano, na limewekewa kioo ili yasomeke. Mgeni anapoingia anasoma, kwa mtazamo mmoja, kwamba mwanamke wa nyumba hii ana watu.

Tena jambo hili si la juzi. Wenzetu wa pwani walijenga katika kuta za nyumba zao za mawe, kule Lamu na Pate katika karne ya 18, safu za vijishubaka viitwavyo zidaka, vimerembwa kwa lipu iliyochongwa, na ndani yake wakapanga vyombo vya kauri vilivyovuka bahari. Huko Gede, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, vipande vya kauri za China vimepatikana ardhini. Na hapa karibu yetu kabisa, Kunduchi, kuna makaburi ya zamani yenye nguzo ambazo zilipachikwa bakuli za kauri. Hakuna aliyekula katika bakuli la kaburini. Watu wale walijua kwamba chombo kinaweza kuachishwa kazi ya kula kikapewa kazi ya kusema.

Hebu tujiulize basi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Watalii wanalipa kuingia kuona zidaka. Tunaziita urithi. Kabati la mama, ambalo ni kitukuu cha zidaka kilichotengenezwa na fundi seremala wa mtaani, tunaliita ushamba. Tofauti iko wapi? Naona moja tu: wenye zidaka wamekwisha kufa, hawawezi tena kutukaribisha chai tukaona haya mbele ya wenzetu.

Chumba cha Poe kwa mara ya pili

Sasa nirudi kwa Poe. Nilisema kuna jambo lililonipita. Katika chumba chake kile kisicho na dosari yumo mtu mmoja: mwenye nyumba, naye amelala kwenye kochi, usiku wa manane unakaribia. Poe anatuchorea chumba wakati mwenyewe amesinzia. Hakuna mgeni. Hakuna mtoto. Hakuna anayefuta vumbi kwenye vile vitabu. Poe mwenyewe wakati ule aliishi na mkewe Virginia na mama mkwe wake Maria Clemm, aliyekuwa nguzo ya nyumba ile, lakini katika chumba cha ndoto yake wanawake pekee ni wale wa kwenye picha za ukutani.

Hapo ndipo ninapoachana naye. Sisemi ladha yake ni mbaya. Bado natamani ile taa yake yenye kivuli chekundu. Nasema kwamba alihukumu chumba kwa jicho la msomaji mpweke. Sebule yetu haikuandikwa kwa ajili ya msomaji mpweke. Imeandikwa kwa ajili ya mtu anayepiga hodi. Kuihakiki kwa kipimo cha Poe ni sawa na kuuhakiki utenzi kwa kuulalamikia kwamba una mizani.

Na dharau hii ya pambo ina ukoo wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 msanifu majengo wa Austria, Adolf Loos, alidai katika insha yake juu ya pambo na uhalifu kwamba kadiri utamaduni unavyoendelea ndivyo watu wanavyoacha kurembesha vyombo vya kila siku. Mfano wake wa asiyeendelea alikuwa mtu wa Papua anayejichora mwili. Huyohuyo Loos, katika nyumba aliyoijengea familia ya Müller mjini Prague, iliyokamilika mwaka 1930, aliivika sebule marumaru ya kijani yenye mistari. Basi pambo la bei kubwa si pambo, pambo la uzi ndilo uhalifu! Tunapoisifu kuta ya kijivu isiyo na kitu na kumcheka mama na vitambaa vyake, tujue ni kauli ya nani tunayoirudia.

Ushamba wa wasomi

Nisije nikaonekana nimewaonea walio nyumbani tu. Mwaka jana nilialikwa pamoja na wenzangu nyumbani kwa msomi mmoja ninayemheshimu sana. Sebuleni kwake hamna kitambaa wala ua la plastiki. Kuna ungo ukutani, kuna mtego wa samaki uliogeuzwa kuwa taa, kuna vibuyu vitatu, kinu kilichowekewa kioo juu kikawa meza, na ngoma kubwa pembeni. Kuna pia picha mbili za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Sote tulisifu. Tulisema: huu ndio Uafrika.

Nilimwuliza kama ngoma ile hupigwa. Akacheka, akasema hapana, majirani wangelalamika.

Nikakaa nikafikiri. Ungo usiopepeta, mtego usiotega, kinu kisichotwanga, ngoma isiyopigwa. Na vikombe visivyonywewa. Kwa fani ni kitu kimoja: chombo kimestaafishwa kazi kikapewa jukwaa. Tofauti iko katika maudhui, na hapo, niseme ukweli, kabati la bibi linashinda. Bibi aliweka vyombo vyake mwenyewe kuwakumbuka watu aliowajua. Ule mtego alinunuliwa nani, uliwahi kushika samaki wa nani? Hakuna aliyejua. Sisemi autoe. Nasema tusimwite yule mwenye ladha na huyu mshamba kwa sababu tu mmoja amesoma.

Tena kuna swali la jasho, ambalo fasihi yetu imelijua siku nyingi. Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) hakutuonyesha fahari ya bwana peke yake. Alituonyesha Kijakazi, mtumishi anayeihangaikia fahari hiyo. Kila sebule ina Kijakazi wake. Vitambaa 23 vinafuliwa, vinatiwa wanga, vinapigwa pasi na nani? Na hapa nina ugomvi na mama pia, nao sijauacha. Jumamosi zote za utoto wangu nilifuta vumbi la maua ambayo siyapendi, katika chumba ambacho sikuruhusiwa kukaa. Sebule iliyoandikwa kwa ajili ya mgeni ilitufanya sisi watoto tuwe wageni zaidi ya wageni. Heshima inayomfukuza mtoto kwenye kochi la baba yake ina dosari, hata kama ina historia ndefu. Nilimwambia mama hivyo. Alijibu kwamba laiti tungekaa, vikombe vingefika lini miaka arobaini? Sikuwa na jibu, maana nilikuwa nimevifikisha siku tatu.

Hitimisho

Makala hii haikudai kwamba kila pambo ni zuri. Maua ya plastiki bado siyawezi, na yule mwenye karatasi ya matofali simsamehi. Mhakiki ana haki ya kukereka. Nilichojaribu kuonyesha ni kwamba kukereka ndiyo mwanzo wa uhakiki, si mwisho wake. Kabla ya kusema kitu hakina maudhui, tumwulize mwenyewe, na tuulize wakati bado yuko hai wa kuulizwa.

Nina pendekezo moja kwa wenzangu. Katika nyumba zetu kuna foronya, mashuka na vitambaa vya sinia ambavyo mama na bibi zetu walivitarizi maneno: Karibu mgeni, Lala salama, Usiku mwema, na mengine marefu yenye mafumbo na vijembe. Majina ya khanga yameshakusanywa na kuandikwa tasnifu. Haya ya foronya yanageuzwa matambara ya kupigia deki. Ni maandishi ya Kiswahili, yana watunzi, yana hadhira, na mtunzi wake mara nyingi ni mwanamke ambaye hakupata nafasi ya kuandika mahali pengine. Likizo hii kila mmoja wetu achukue daftari, afungue sanduku la mama yake kwa ruhusa, anakili. Tukirudi tutakuwa na mkusanyiko ambao hauko katika maktaba yoyote.

Kwetu Morogoro vitambaa vimerudi vyote 23. Mama alikigundisha kile kikombe kwa gundi, akakirudisha kabatini, upande wa ufa akauelekeza ukutani. Mgeni akiingia anahesabu sita. Ile seti ya rangi ya maziwa nimeomba nipewe sasa, nisingoje kuolewa, nayo iko hapa bwenini juu ya kabati langu la nguo. Mwenzangu wa chumba anasema ni ushamba. Nimemwambia asubiri toleo hili litoke, asome, halafu tuzungumze.